Je, Wajua? Kasi ya Saa na Kasi ya Uwanjani

Ukishuka Barabara ya Peponi kuelekea Kitisuru Jumamosi asubuhi, utasikia filimbi nyuma ya ua wa kayaba. Ndani ya ua, watoto wanakimbizana na mpira wa umbo la yai, na wazazi wamesimama kando na chupa za chai. "Huyu wangu hana mbio," baba mmoja aliniambia majuzi, akanionyesha simu yenye sekunde alizompimia mwanawe. Haikupita nusu saa, mtoto yuleyule alikuwa amefunga trai mbili na hakuna aliyemgusa.

Safu ya leo imezaliwa pale kando ya uwanja. Tunauchukua mchezo unaopenda kupima mbio kuliko michezo mingine ya mpira, futiboli ya Marekani, pamoja na wapokeaji wake, yaani wale wanaochomoka mbele kuudaka mpira unaorushwa kutoka nyuma. Kisha tunaukutanisha na raga yetu na riadha yetu, tuone saa inajua nini na ni nini kinachoipita.

YADI 40 NA SAA YAKE

1. Je, wajua kwamba mpokeaji wa Marekani hupimwa kwa mbio za yadi 40, yaani mita 36.58? Kila mwaka vijana wanaotoka vyuoni huitwa Indianapolis, wakakimbia mmoja mmoja mbele ya makocha wa ligi ya NFL. Rekodi ya huko ni sekunde 4.21, na mwenyewe ni mpokeaji Xavier Worthy aliyeiweka Machi 2024. Kabla yake rekodi ilikuwa ya mpokeaji mwingine, John Ross, aliyekimbia kwa 4.22 mwaka 2017.

2. Je, wajua kwamba katika mbio hizo hakuna bastola? Mkimbiaji huinama, mkono mmoja chini, akaondoka atakapo, na saa huanza pale anapojongea. Kwenye riadha saa huanza na mlio, kwa hiyo muda wa sikio kusikia na mguu kuitika umo ndani ya hesabu. Usain Bolt alipokimbia mita 100 kwa 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, muda wake wa kuitikia mlio ulikuwa sekunde 0.146. Anayeitika kabla ya sekunde 0.100 huhesabiwa kuwa ameiba. Basi ukisikia mtu akilinganisha muda wa yadi 40 na muda wa riadha, mwambie asubiri kwanza.

3. Je, wajua kwamba kwa yadi 40 peke yake Bolt na Worthy wangefika karibu pamoja? Kule Berlin, Bolt alipita mita 30 kwa sekunde 3.78 na mita 40 kwa 4.64. Toa ule muda wa kuitikia mlio, kisha kadiria mahali yadi 40 zinapoangukia: unapata karibu 4.2. Lakini Bolt wakati huo alikuwa bado anaongeza mwendo. Kilele chake, kilomita 44.72 kwa saa, kilikuja kati ya mita 60 na 80. Yadi 40 huisha kabla Bolt hajawa Bolt.

4. Je, wajua kwamba kidole gumba huwapendelea wakimbiaji? Anayeshika saa huchelewa kuibonyeza mwanzoni kwa sababu anasubiri kuona mkimbiaji anaondoka, ila mwishoni anamwona akija na kumngojea kwenye mstari. Katika riadha, muda wa mita 100 uliopimwa kwa mkono huongezewa sekunde 0.24 ukilinganishwa na ule wa mtambo. Ile namba kwenye simu ya yule baba wa Kitisuru ingeweza kukosea kwa zaidi ya mita moja.

5. Je, wajua kwamba kati ya mwenye 4.40 na mwenye 4.50 kuna pengo lisilofika mita moja? Mwishoni mwa mbio hizo mwanaume mwenye mbio huenda karibu mita 9 kwa sekunde. Sehemu moja ya kumi ya sekunde ni sentimita 90 hivi. Uwanjani pengo hilo hulipwa na beki aliyegeuka upande usiofaa kwa nusu hatua, au na mguu ulioteleza kwenye umande.

WALIOPIMWA NAMNA MOJA, WAKACHEZA NAMNA NYINGINE

6. Je, wajua kwamba mwaka uleule ambao Ross aliweka rekodi ya 4.22, alikuwapo Indianapolis mpokeaji aitwaye Cooper Kupp aliyekimbia kwa 4.62? Ross alichaguliwa wa 9 katika usajili wa mwaka huo. Kupp alingoja hadi nafasi ya 69. Katika maisha yake yote ya NFL, Ross aliudaka mpira mara 62. Kupp aliudaka mara 145 katika msimu mmoja tu, ule wa 2021, akapata yadi 1,947 na kufunga mara 16, kisha akatajwa mchezaji bora wa fainali ya Super Bowl.

7. Je, wajua kwamba Jerry Rice, mpokeaji mwenye yadi nyingi kuliko wote katika historia ya NFL, hakuwa na sifa ya mbio alipotoka chuoni mwaka 1985? Baba yake alikuwa fundi mwashi huko Mississippi, na kijana Rice alimsaidia kwa kudaka matofali aliyorushiwa. Tofali halisamehi mkono uliolegea. Alipofika San Francisco alijifua kwa kupanda mlima wa kilomita nne hivi, siku baada ya siku. Alistaafu na yadi 22,895. Mabeki walisema jambo moja juu yake: dakika za mwisho, wao wakiwa wamechoka, yeye alikimbia kama mchezo ndio kwanza unaanza.

8. Je, wajua kwamba mtu anaweza kuwa mshale kwenye mstari ulionyooka na akawa mzito kwenye kona? Mwaka 2019 DK Metcalf, pande la mtu la zaidi ya kilo 100, alikimbia yadi 40 kwa 4.33. Kisha akapewa jaribio la kuzunguka koni tatu, linalopima kugeuka, akatumia sekunde 7.38. Miaka 19 nyuma yake, Tom Brady, mrushaji aliyejulikana kwa miguu mizito, alizizunguka koni hizo kwa 7.20.

9. Je, wajua kwamba Metcalf huyohuyo aliwahi kwenda kujipima na wanariadha wenyewe? Mei 2021, huko California, alikimbia mita 100 kwa 10.36 na kumaliza wa mwisho kati ya watu tisa wa kundi lake. Lakini miezi michache kabla, Oktoba 2020, beki Budda Baker wa Arizona alinasa pasi karibu na mstari wa goli akatoka nayo mbio uwanja mzima. Metcalf alikuwa nyuma yake kwa mita kadhaa. Alimfukuza kwa kilomita 36.4 kwa saa akamwangusha yadi 8 kabla ya kufunga, na Arizona wakashindwa kupata hata pointi kutoka hapo. Alimaliza wa mwisho riadhani, lakini kwenye nyasi aliwahi pale alipohitajika.

10. Je, wajua kwamba mpokeaji anaweza kuharibu mchezo kwa kufika mapema? Yeye na mrushaji wana miadi. Mrushaji hurudi nyuma hatua tatu, tano au saba, na kila idadi ina urefu wake wa njia. Mara nyingi mpira huondoka mkononi kabla mpokeaji hajageuza uso. Unatupwa mahali ambapo hayupo bado. Akifika kabla ya wakati, beki anapata nafasi ya kumsogelea. Akichelewa, mpira ni wa beki. Ndiyo maana makocha huhesabu hatua zake kwa sauti mazoezini, kama mwalimu wa ngoma.

WANARIADHA WALIOVAA KOFIA NGUMU

11. Je, wajua kwamba kwenye Olimpiki ya Tokyo ya 1964 bendera ya Kenya ilibebwa na mkimbiaji wa mbio fupi? Ni Seraphino Antao wa Mombasa, aliyekuwa ameshinda yadi 100 na yadi 220 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Perth mwaka 1962, dhahabu za kwanza za Kenya katika michezo hiyo. Dhahabu ya mita 100 huko Tokyo ilikwenda kwa Mmarekani Bob Hayes. Mwaka uliofuata Hayes alijiunga na Dallas Cowboys kama mpokeaji. Hadi leo ni yeye peke yake mwenye dhahabu ya Olimpiki na pete ya Super Bowl.

12. Je, wajua kwamba Hayes aliwalazimisha makocha kubadili namna ya kulinda? Beki mmoja hakuweza kumfuata, kwa hiyo timu ziliimarisha ulinzi wa kugawana maeneo badala ya mtu kwa mtu, na mabeki wakamsukuma tangu hatua ya kwanza ili asipate mwendo. Kusukumana huko kulizidi miaka ya 1970, mpaka mwaka 1978 ligi ikaweka sheria: beki amguse mpokeaji ndani ya yadi 5 za mwanzo tu. Zile yadi 5 hazimo kwenye mbio za saa, ambako hakuna mtu wa kukupiga kifuani unapoondoka.

13. Je, wajua kwamba mtu wa kwanza kukimbia mita 100 chini ya sekunde 10 kwa saa ya mtambo naye aliingia futiboli? Jim Hines alikimbia 9.95 jijini Mexico, Oktoba 1968, kisha akajiunga na Miami Dolphins. Alicheza mechi chache na kuudaka mpira mara 2 tu. Mikono haikuzoea. Miguu ilimfikisha palepale alipotakiwa, mpira ukaja, na hapo ndipo kazi ya mpokeaji inapoanza.

14. Je, wajua kwamba raga ya wachezaji saba ilimpokea vizuri mwanariadha mwingine? Carlin Isles wa Marekani, aliyewahi kukimbia mita 100 kwa 10.13, aliuona mchezo huo kwenye intaneti mwaka 2012, akaacha riadha na kuhama. Akafunga zaidi ya trai 200 kwenye mashindano ya dunia. Hata hivyo misimu ya mwanzo ilikuwa ya kujifunza: kukaba, kuanguka vizuri, kujua lini usikimbie.

15. Je, wajua kwamba njia hiyo imepitwa pia kinyume? Januari 2024 winga wa Wales, Louis Rees-Zammit, aliiacha raga akaenda kutafuta nafasi NFL. Alikimbia yadi 40 kwa 4.43, muda ambao wapokeaji wengi wangeupokea kwa furaha. Alipita Kansas City, kisha Jacksonville, asicheze mechi hata moja ya ligi yenyewe, na mwaka 2025 akarudi kwenye raga. Mbio alikuwa nazo tele. Njia, ishara na miadi ya mchezo vilitaka miaka ambayo wenzake walianza kuihesabu utotoni.

KWETU NYUMBANI

16. Je, wajua kwamba Ferdinand Omanyala alikuwa mchezaji wa raga kabla ya kuwa mwanariadha? Tarehe 18 Septemba 2021, uwanjani Kasarani, alikimbia mita 100 kwa 9.77, rekodi ya Afrika, sehemu moja tu ya mia ya sekunde nyuma ya Trayvon Bromell wa Marekani. Mwaka uliofuata, mjini Birmingham, alitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola kwa 10.02. Tangu Antao alipotamba Perth, Kenya ilikuwa imeingoja dhahabu hiyo ya mbio fupi kwa miaka 60.

17. Je, wajua kwamba Mkenya aliwahi kuwa mfungaji bora wa trai wa wakati wote katika mashindano ya dunia ya raga ya saba? Collins Injera, winga aliyelelewa na klabu ya Mwamba ya Nairobi, alimpita Santiago Gómez Cora wa Argentina, aliyekuwa na trai 230. Ilikuwa London, Mei 2016. Alistaafu akiwa na 279, ingawa Dan Norton wa Uingereza alikuwa amempita. Hakuna anayemkumbuka Injera kwa muda wa mita 100. Mashabiki wanamkumbuka kwa namna alivyomkabili beki wa mwisho: hatua mbili fupi, bega linaonyesha ndani, mguu unakwenda nje.

18. Je, wajua kwamba mwezi mmoja kabla ya hapo Kenya ilikuwa imewachapa Fiji 30 kwa 7 katika fainali? Ilikuwa Singapore, tarehe 17 Aprili 2016, chini ya kocha Benjamin Ayimba, ambaye sasa ni marehemu. Ndilo taji la kwanza la Kenya katika mashindano hayo. Fiji ndio walimu wa raga ya saba duniani, watu wa pasi za ajabu na miguu mirefu. Siku ile walijikuta wakipokea mpira huku Mkenya amekwisha kufika, kwa sababu walinzi wetu walipanda mstari pamoja. Watu saba wakiondoka kwa wakati mmoja, uwanja humfungia hata mwenye mbio kuliko wote.

19. Je, wajua kwa nini mtu wa raga ya saba huonekana ana mbio zaidi? Piga hesabu ya nafasi. Uwanja wa raga wa mita 100 kwa 70 una mita za mraba 7,000. Ukiwa na watu 14, kila mmoja ana mita za mraba 500. Ukiwa na 30, kila mmoja ana 233. Uwanja wa futiboli ya Marekani, bila maeneo ya kufungia, ukiwa na watu 22, humwachia kila mmoja takriban 203. Mtu yuleyule, miguu ileile, ila chumba kimepungua. Ni kama bodaboda kwenye Waiyaki Way saa tisa usiku na ileile saa kumi na mbili jioni pale Westlands.

20. Je, wajua kwamba Mkenya amewahi kucheza NFL? Daniel Adongo aliondoka kwenye raga ya kulipwa, aliyoicheza New Zealand na Afrika Kusini, akasajiliwa na Indianapolis Colts Julai 2013. Desemba ya mwaka huohuo aliingia uwanjani kwenye mechi ya ligi. Alipangwa kama mlinzi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kukimbia moja kwa moja kumfuata anayeupokea mpira wa kuanzia: kazi iliyofanana zaidi na ile aliyoijua.

21. Je, wajua kwamba jirani zetu wa Uganda wana pete mbili za Super Bowl za kujivunia? Mathias Kiwanuka, mlinzi wa New York Giants aliyekuwamo kwenye kikosi kilichotwaa ubingwa katika misimu ya 2007 na 2011, ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, aliyekuwa waziri mkuu wa Uganda kuelekea uhuru. Kazi yake ilikuwa kumfikia mrushaji. Kwa mtu wa nafasi hiyo, hatua tatu za kwanza zina maana kuliko yadi 40 nzima, kwa sababu mpira huondoka mkononi baada ya sekunde mbili au tatu.

22. Je, wajua kwamba mchezaji wa kandanda aliyetajwa sana redioni nchini hakutajwa kwa sekunde? "Kadenge na mpira" lilikuwa neno la watangazaji, na sehemu kubwa ya Wakenya walimjua Joe Kadenge kwa masikio kabla ya kumwona kwa macho. Alifariki Julai 2019, na neno bado lipo midomoni. Lilitaja vitu viwili tu, yeye na mpira, kana kwamba mabeki hawakuwapo. Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote anayoweza kupewa mtu wa chenga.

MWILI, MACHO NA NYASI

23. Je, wajua kwamba mchezaji wa NFL hupimwa hata katikati ya mechi? Ndani ya pedi za mabegani kumefichwa chipu ndogo zinazotuma mahali alipo mara kadhaa kwa kila sekunde. Katika raga, kile kifuko kidogo unachokiona kati ya mabega ya mchezaji, chini ya jezi, hubeba kifaa kinachosoma setilaiti. Kwa hiyo makocha wa leo wana namba mbili za mtu mmoja: mbio zake akiwa peke yake, na mbio zake akiwa anawindwa. Kocha mzuri huangalia pengo kati ya hizo mbili.

24. Je, wajua kasi kubwa iliyowahi kusomwa na chipu hizo tangu 2016? Ni ya Tyreek Hill, kilomita 37.4 kwa saa, alipokuwa akirudisha mpira wa kuanzia katika msimu wake wa kwanza. Sasa mtazame Omanyala pale Kasarani: wastani wake wa mita 100 nzima, ukihesabu na kusimama kwake mwanzoni, ulikuwa karibu kilomita 36.9. Kilele cha mmoja kinakaribia kuwa wastani wa mwingine. Lakini Hill alikuwa amevaa kofia ngumu na pedi, ana mpira kwapani, na watu kumi na mmoja walikuwa wanakuja kumwangusha.

25. Je, wajua kwamba mbio zina deni linalolipwa wakati wa kusimama? Nguvu ya mwendo hupanda kwa mraba wa kasi. Mtu akitoka mita 8 kwa sekunde hadi 9, kasi imeongezeka kwa sehemu moja ya nane, lakini nguvu anayopaswa kuizima ili asimame imeongezeka kwa zaidi ya robo. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mpokeaji mahiri hujua ukingo wake uko wapi: hushusha kiuno, huchoma nyasi kwa mguu wa nje, husimama ndani ya hatua mbili, na beki anampita kama gari lililokosa breki.

26. Je, wajua kwamba macho nayo yana muda wake? Mtu wa kawaida huhitaji karibu sehemu moja ya tano ya sekunde kuona kitu na kuanza kukijibu kwa mwili. Mshambuliaji anayekwenda mita 9 kwa sekunde huwa amesogea karibu mita 2 kabla beki hajaanza kujibu. Chenga hufanya kazi humo. Anayejua atakwenda wapi yuko mbele ya anayesubiri kuona. Na beki mzoefu hukwepa mtego kwa kutazama kiuno cha mwenzake. Uso na mabega hudanganya, kiuno hakiwezi kwenda mahali miguu haiendi.

27. Je, wajua kwamba nyasi zilizo chini ya miguu yetu Kitisuru ni maarufu duniani? Nyasi za Kikuyu zinatokana na nyanda za juu za Afrika Mashariki, zikapewa jina la watu wa hapa, kisha zikapelekwa Afrika Kusini na Australia, ambako viwanja vingi vya michezo vimefunikwa nazo. Ukiziinamia utaona mashina yanayotambaa na kusukana kama mkeka. Njumu hushika vizuri, ukianguka huumii sana, ila mkeka huo ukiwa mrefu hunyonya mguu. Mwenye muda mzuri kwenye lami ya michezo hushangaa hapa anapohisi kama anakimbia juu ya godoro.

28. Je, wajua kwamba mwinuko wa Nairobi humsaidia mkimbiaji mara moja, kisha humdai? Jiji liko takriban mita 1,800 juu ya bahari. Hewa nyepesi haimzuii sana mtu wa mbio fupi, jambo lililomfaa Hines kule Mexico na linalowafaa wanaokimbia Kasarani. Lakini mechi ina mbio nyingi. Baada ya mbio ya sita au ya saba, mapafu hutafuta oksijeni ambayo ni haba, na mgeni kutoka pwani ndiye wa kwanza kushika magoti. Kasi ya dakika ya mwisho ni kipaji tofauti na kasi ya dakika ya kwanza.

29. Je, wajua kwamba futiboli ya bendera itachezwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028? Uamuzi ulipitishwa Oktoba 2023. Kila upande una watu watano, hakuna kuangushana. Anayekaba huchomoa kitambaa kinachoning'inia kiunoni mwa mwenye mpira. Hakuhitajiki kofia ngumu wala pedi, uwanja wa shule unatosha, na wasichana kwa wavulana wana nafasi. Na kwa kuwa tuzo iko kiunoni, anayejua kukizungusha kiuno atamsumbua sana mwenye miguu mirefu.

JARIBU MWENYEWE

30. Je, wajua kwamba unaweza kuzipima kasi zote mbili leo jioni? Weka jiwe, tembea hatua 40 ndefu, weka jiwe la pili. Mkimbize mtoto moja kwa moja, uandike muda. Kisha simama wewe kwenye jiwe la mbali, na yeye akifika katikati nyosha mkono kulia au kushoto. Akimbilie upande ulioonyesha hadi mstari wa pembeni. Andika muda wa pili. Rudia mara tano, maana mara moja ni bahati.

Tulilifanya jaribio hilo na watoto sita wa pale nyuma ya kayaba. Katika mbio za kunyooka, mtoto wa yule baba alikuwa wa tano. Katika zile za mkono alikuwa wa kwanza, na nilipomtazama kwa karibu nikaona sababu: hatua tatu kabla ya katikati alipunguza mwendo kidogo, akafupisha nyayo, macho yakiwa kwenye bega langu. Mkono wangu ulipoinuka, yeye alikuwa ameshageuka. Vilevile ndivyo alivyofunga zile trai mbili.

Nilimwonyesha baba yake. Akasoma namba zote mbili polepole, akaitia simu mfukoni, akaniomba nimpishe kwenye jiwe la mbali ili yeye ndiye ainue mkono.